Metali na plastiki, zote "milimita 28": mbona hazilingani?

*"Sisi ni marafiki watano hapa Jinja, tunacheza vita vya mezani vya Zama za Kati kwa sanamu ndogo za askari. Tulianza na askari 48 wa metali wa karne ya 15, tuliowanunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Juzi tumepata boksi la askari 40 wa plastiki wa kipindi hicho hicho. Wote wameandikwa mm 28. Nilipowasimamisha pamoja na kuwapima kwa rula, wa metali walifika mm 33, wa plastiki mm 31. Wa metali wana kitako chao cha unene wa mm 2. Wa plastiki bado sijawabandika kwenye kitu. Zaidi ya urefu, hawa wa plastiki wanaonekana kama wanafunzi wa sekondari waliosimama katikati ya wazee wenye vitambi. Je, tumeuziwa skeli isiyo sahihi? Tuwarudishe? Tukiwachanganya kikosi kimoja itakuwaje? Tunataka pia kuagiza wapanda farasi 12 na hatujui tuchukue metali au plastiki."*

Ndugu msomaji, umefanya vizuri kupima kabla ya kurudisha boksi. Nikikuelewa, una hofu mbili: kwamba namba iliyoandikwa imewadanganya, na kwamba fedha imepotea kwa sababu askari hawa hawataweza kusimama pamoja. Hakuna aliyewauzia skeli isiyo sahihi, na boksi msilirudishe. Tena, kwa vipimo ulivyotoa, hao wa plastiki unaowaona wafupi huenda ndio warefu.

Tuanze na hiyo namba. Milimita 28 si skeli. Skeli ni uwiano, kama 1/72, ambapo mtu, ngao, farasi na mnara vyote vimegawanywa kwa namba moja. Milimita 28 ni urefu wa mtu tu, na hata hapo watengenezaji hawajakubaliana apimwe kutoka wapi hadi wapi. Wapo wanaopima kutoka wayo hadi utosini. Wengine huishia usawa wa macho, kwa kuwa utosi wa askari mara nyingi umefunikwa na helmeti na hakuna ajuaye unaishia wapi. Chukua mwanamume wa sm 170. Macho yake yako kama sm 159 kutoka ardhini. Ukimchonga afike mm 28 machoni, umemgawanya kwa 57 hivi. Ukimchonga afike mm 28 utosini, umemgawanya kwa 61. Ndiyo sababu boksi moja la "mm 28" huandikwa pia 1/56 na lingine 1/60, na kila mmoja anasema kweli kwa kipimo chake. Kati ya hao wawili kuna karibu mm 2 za urefu, kabla hata hatujagusa suala la metali na plastiki.

Halafu namba yenyewe imekuwa ikipanda. Miaka ya 1970 askari wa aina hii waliuzwa kama mm 25. Wachongaji waliendelea kuwanenepesha na kuwarefusha kidogo kidogo, kwa kuwa uso mkubwa ni rahisi kupakwa rangi na huonekana vizuri kutoka upande wa pili wa meza. Jina likafuata nyuma hadi likafika 28, na leo wapo wanaoandikwa 28 ambao macho yao yako mm 30 kutoka ardhini. Seti ya zamani na seti mpya zinaweza kuwa na namba moja ubavuni na zisilingane.

Sasa turudi kwenye rula yako. Ulipima kutoka mezani hadi ncha ya helmeti, na kwa askari wa metali hapo umejumlisha vitu vitatu: kitako, mwili na helmeti. Toa mm 2 za kitako kwenye 33, zinabaki 31. Kwa askari mnene wa metali, kutoka machoni hadi ncha ya helmeti huwa kama mm 4. Ukizitoa unabaki na 27. Wa plastiki amesimama kwa nyayo zake mwenyewe, na kichwa chake ni kidogo, kwa hiyo kutoka machoni hadi juu ni kama mm 3. Toa 3 kwenye 31, unapata 28. Yule unayemwona mfupi amemzidi mwenzake milimita nzima.

Hizo mm 4 na mm 3 ni za kawaida kwa aina hizi, lakini usizichukue kwa neno langu, zipime. Rula haifai kwa kazi hii. Tafuta kalipa, kifaa cha kupimia chenye taya mbili; ile ya dijitali ya mm 150 inatosha kabisa. Chagua askari aliyesimama wima, si aliyepiga hatua wala aliyeinama kuvuta upinde, kwa kuwa magoti yaliyokunjwa hula mm 2 bila wewe kujua. Taya moja ya kalipa iguse wayo, yaani sehemu ya juu ya kitako, na si chini yake. Nyingine iletwe usawa wa macho. Pima askari watatu wa kila aina uchukue wastani. Kisha pima kitu ambacho wengi hukisahau: kichwa chenyewe, kutoka kidevuni hadi machoni na kutoka shavu hadi shavu. Malizia na upana wa ngumi na unene wa mpini wa silaha. Wachezaji wa Uingereza na Marekani wana mfumo unaoitwa wa Barrett, unaoandika kipimo cha machoni pamoja na herufi moja ya umbo: L kwa mwembamba, M kwa wa kati, H kwa mnene. Wako wa metali pengine ni "27 H" na wa plastiki "28 L". Herufi hiyo ndiyo iliyokukera, si namba.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, na ningependa uelewe vizuri kwa sababu litakusaidia kwa kila boksi utakalonunua baadaye. Kwenye skeli hii, milimita moja ya urefu ni kama sm 6 za mtu halisi. Simama kwenye stendi ya teksi hapo Jinja utazame watu wazima kumi. Utaona tofauti za sm 15 bila kutafuta. Jeshi ambalo askari wote wana urefu mmoja ndilo lisilo la kawaida. Lakini kichwa cha mtu mzima, kutoka kidevuni hadi utosini, ni kama sehemu moja ya saba na nusu ya urefu wake. Kwa mtu wa sm 170 aliyegawanywa kwa 57, kichwa ni mm 4 tu. Askari wengi wanene wa metali wana kichwa cha mm 5 au zaidi. Hiyo ni milimita moja ile ile, ila sasa ni robo ya kichwa, na jicho la binadamu hutambua vichwa na nyuso haraka kuliko kitu kingine chochote. Ngumi nazo ni hivyo hivyo: kwa uwiano zingekuwa na upana wa mm 1.6, kwenye metali hufika 2.5. Mpini wa mkuki wa sm 3 ungekuwa mm 0.5, kwenye metali hupata mm 1 hadi 1.2, yaani mti wa sm 6 au 7 ambao kiganja hakiwezi kuufumba. Kwa hiyo unapolinganisha aina mbili, tazama kichwa, ngumi na mpini kwanza. Urefu uache mwisho.

Mbona metali ikawa nene? Si uzembe. Askari wa metali hutengenezwa kwa aloi yenye bati, antimoni na, hasa kwa wale wa zamani, risasi. Aloi hiyo huyeyushwa na kumwagwa katikati ya kalibu ya mpira yenye umbo la duara inayozungushwa kwa kasi, nayo husukumwa kwenda pembeni ilikochongwa nafasi ya kila askari. Njia ikiwa nyembamba sana, metali hupoa na kuganda kabla haijafika mwisho, na upanga hutoka umekatika. Hata ukitoka mzima, blade nyembamba ya aloi laini hupinda kwa kidole. Mchongaji anajua hayo, basi ananenepesha upanga, ananenepesha mpini, kisha analazimika kunenepesha na ngumi inayoushika, na mkono unaobeba ngumi hiyo. Kichwa kinafuata ili kisionekane kidogo.

Kuna jambo lingine dogo kwenye metali. Mchongo wa kwanza hutengenezewa kalibu kuu. Humo hutolewa nakala za metali. Nakala hizo ndizo zinazotengeneza kalibu za uzalishaji. Kila metali inapopoa hunywea asilimia moja hadi mbili hivi. Mara mbili ya hapo, mchongo wa mm 28 unaweza kufika mikononi mwako ukiwa karibu na 27. Mchongaji mwangalifu hulifidia hilo tangu mwanzo, wengine hawalifidii.

Plastiki ngumu, yaani polistirini, hufuata njia tofauti. Husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma, na shinikizo hilo huijaza hata njia nyembamba ya upanga. Zaidi ya hayo plastiki nene haipendezi: ikipoa hubonyea katikati. Kwa hiyo mbinu yenyewe humvuta mchongaji kwenye wembamba. Ila chuma hakinyumbuki kama mpira. Chochote kilichojikunja ndani kingenasa, ndiyo sababu askari wa plastiki huja vipande vipande kwenye fremu, mikono mbali na vichwa mbali, na ndiyo sababu vipete vya vazi la chuma huonekana vizuri kifuani na kufifia ubavuni, pale kalibu mbili zinapokutana.

Lakini usihitimishe kwamba metali zote ni nene na plastiki zote ni nyembamba. Hilo ni kosa ambalo limewafanya watu wengi wakatae seti nzuri. Alan na Michael Perry, wa kampuni ya Perry Miniatures, wanachonga askari wa metali na kutoa wa plastiki wa Vita vya Mawaridi (vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, karne ya 15) kwa umbo lile lile, na ukiwapaka rangi wote, mtu aliyekaa upande wa pili wa meza hawezi kuwatenganisha. Kwa upande mwingine, metali za Front Rank zinajulikana kwa unene wao. Na plastiki kwa plastiki pia hazilingani: Waviking wa Victrix ni warefu na wakubwa kuliko wale wa plastiki wa Gripping Beast, ingawa wote ni mm 28. Mchongaji ana uzito kuliko malighafi.

Haya, mfanyeje na askari 88 mlio nao? Ushauri wangu ni kutenganisha kwa kikosi, si kwa jeshi. Wa metali 48 wawe vikosi vyao, wa plastiki 40 wawe vyao, na wote wapigane upande mmoja bila shida. Mkiwa mmesimama kwenye meza mnawatazama kutoka sm 70 au zaidi, na kwa umbali huo tofauti ya vichwa kati ya kibao kimoja (kipande bapa ambacho askari kadhaa hubandikwa juu yake) na kingine hupotea. Inayobaki kuonekana ni tofauti ndani ya kibao kimoja, pale bega linapogusana na bega.

Mkitaka kuwachanganya ndani ya kikosi, inawezekana, ila kuna kazi. Kazi ya kwanza ni ardhi. Askari wa metali akibandikwa na kitako chake juu ya kibao, macho yake yatakuwa mm 29 kutoka kibaoni. Wa plastiki aliyebandikwa pembeni atabaki 28. Kata kadibodi ya mm 1 iwe chini ya miguu ya kila askari wa plastiki, wote wafike 29. Kisha jaza nafasi kati ya vitako kwa puti, ile ya mafundi wa bodi za magari au epoksi ya kukanda, hadi vitako vya metali visionekane. Msijaribu kukisaga kitako chote cha metali. Ni kazi ndefu, vifundo vya miguu huvunjika, na vumbi lake nitalieleza chini.

Kazi ya pili ndiyo inayobadilisha sura kuliko zote: wape wote silaha za unene mmoja. Kata mipini minene ya metali kwa koleo, sawazisha kwa tupa, toboa ngumi kwa kekee ya mkono yenye ncha ya mm 0.8, upitishe mpini mpya. Pini ndefu ya cherehani ina takriban mm 0.6 na ni ya chuma. Waya wa klipu ya karatasi hukaribia mm 0.8 hadi 1. Unywele wa ufagio wa nailoni unafaa sana kwa mikuki kwa sababu hunyumbuka ukigongwa na kurudi wima. Uchague ulionyooka na uukwaruze kwa msasa ili rangi ishike. Spoku ya baiskeli iacheni, ina mm 2. Mkuki wa askari wa miguu ukatwe kati ya mm 40 na 45, upinde mrefu wa Kiingereza ni kama mm 32. Toboeni polepole, mkigeuza ncha nyuma mara kwa mara kutoa chembe, kwa kuwa aloi laini huing'ang'ania ncha na kuivunja ndani ya ngumi.

Utasikia ushauri wa kukata vichwa vya metali na kuweka vichwa vya ziada vya plastiki. Mimi siukubali kwa askari wanene. Kichwa cha mm 4 juu ya mabega yaliyochongwa kwa kichwa cha mm 5 kinaonekana kimenyauka, na umepoteza uso mzuri. Kwa askari wa metali mwembamba, sawa.

Kabla ya kubandika chochote, angalieni kanuni za mchezo mnazotumia. Nyingi za vita vya kale hudai kibao cha upana wa mm 60 kwa askari wa ukubwa huu, na wanne wa miguu wasimame mstari mmoja. Kila mmoja anapata mm 15. Askari mnene aliyetanua viwiko hufika mm 17 au 18. Wanne hawatoshei, na mkiwageuza upande kidogo mikuki hugongana na kibao cha nyuma. Wapangeni wakavu kwanza, bila gundi, mseto wa wanene wawili na wembamba wawili. Hapo ndipo kuchanganya huwa na faida ya kweli.

Rangi hufanya nusu ya kazi iliyobaki. Praima (rangi ya msingi) moja kwa wote, rangi zile zile za nguo, kivuli kile kile cha kahawia kwenye mikunjo. Praima ya kupuliza ya magari inayouzwa kwenye maduka ya spea inafaa kwa metali na mara nyingi kwa plastiki ngumu, lakini ijaribuni kwanza kwenye kipande cha fremu tupu, kwa kuwa baadhi zina kiyeyusho kikali kinacholainisha polistirini. Msipulize asubuhi yenye unyevu wa ziwani au mvua ikiwa inakaribia: unyevu huingia kwenye rangi na kuacha ukungu mweupe wenye chengachenga. Mchana mkavu, umbali wa sm 25, mpulizo mwepesi mara mbili. Na udongo wetu mwekundu, hata ukichekechwa vizuri, hautafaa chini ya miguu ya watu hawa. Towton, mapigano ya Vita vya Mawaridi huko Uingereza, ilipiganwa kwenye theluji, Machi 1461. Tumieni mchanga mpakae kahawia iliyokolea, na kwa wote uwe ule ule.

Gundi nayo msiichanganye. Ile ya plastiki ngumu huyeyusha kingo mbili na kuziunganisha ziwe kitu kimoja. Haina nguvu yoyote kwenye metali. Metali inataka supagluu au epoksi, na kiungo chochote chenye uzito kinataka pini ndani. Supagluu hushika plastiki pia, ila kiungo chake hukatika kwa urahisi askari akianguka sakafuni.

Wapanda farasi 12: chukueni plastiki, na ikiwezekana za mtengenezaji yule yule wa askari wenu wa miguu. Farasi ndipo watengenezaji wanapopishana zaidi, maana hakuna hata namba ya mm 28 ya kuwafunga. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Exeter, waliopima mifupa mingi ya farasi kutoka Uingereza, walichapisha mwaka 2021 kwamba farasi wengi wa Zama za Kati, wa vita wakiwemo, walikuwa chini ya sm 148 mabegani. Kwa skeli yenu hiyo ni mm 26. Maana yake, ukimsimamisha askari wa miguu kando ya farasi, mabega ya farasi yafike kidevuni kwake. Yakipita ncha ya helmeti, huyo ni farasi wa zaidi ya sm 170. Wachongaji wengi humkuza makusudi ili mpandaji aonekane mwenye enzi, na mkimpenda hivyo si dhambi, ila mjue mnachonunua.

Farasi wa metali na mpandaji wake ni wazito, na uzito wote huo umebebwa na miguu miwili au mitatu ya aloi laini. Hupinda safarini. Ukiinyoosha mara moja hukubali. Mara ya tatu au ya nne hukatika kwenye kifundo. Kumweka mpandaji wa metali juu ya farasi wa plastiki ni jaribio ambalo mara nyingi hushindikana kwa sababu ya tandiko: mapaja ya metali yamepanuliwa kwa farasi mnene, na mpandaji hucheza kushoto na kulia. Mkilazimika, jazeni tandiko kwa epoksi na mbandike sarafu nzito chini ya kibao ili farasi asipinduke.

Uzito pia unaingia mfukoni. Askari 40 wa metali wa gramu 12 kila mmoja ni karibu nusu kilo; wa plastiki wa idadi hiyo ni kama gramu 120, ukiacha fremu. Mzigo ukifika, URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hukadiria kodi kwa thamani ya mzigo, kisha VAT ya asilimia 18 huja juu yake. Na kila gramu mnailipia kwa msafirishaji. Kuagiza pamoja mzigo mmoja wa watu watano, kwa sanduku moja la posta, ni nafuu kuliko vifurushi vitano.

Mwenye printa ya 3D anaweza kuwaambia atawachapia wa ukubwa wowote. Ni kweli, na kwa urefu ni suluhisho safi: faili ya mm 28.4 machoni ukiipunguza hadi asilimia 95 inakupa 27 yako. Lakini kichwa nacho kimepungua kwa asilimia hiyo hiyo, na mkuki wa mm 0.8 umekuwa 0.76. Uwiano wa kichwa kwa mwili haukuguswa. Mwembamba aliyepunguzwa ni mwembamba mfupi. Tafuteni faili iliyochongwa nene. Na seti za bei nafuu za 1/72, zile za plastiki laini, ziacheni kwa jeshi jingine kabisa: mtu wao ana mm 24 hadi utosini, na kando ya hawa wenu ataonekana mtoto kweli.

Kabla ya kulipia boksi kubwa, shikeni askari mmoja mkononi. Mkipata mchezaji Kampala au Entebbe mwenye aina mnayoitaka, nendeni na wawili wenu, mmoja wa metali na mmoja wa plastiki, pamoja na kalipa. Dakika kumi za kuwasimamisha bega kwa bega ni bora kuliko picha yoyote, maana kamera ikisogezwa karibu hukuza wa mbele. Kama hakuna, mwandikieni muuzaji mumwulize vipimo vitatu: wayo hadi macho, kidevu hadi macho, unene wa mpini. Kifundo cha mguu kilichokatika mpelekeeni sonara akitobolee na kukitia pini; ana kekee ndogo na mkono uliozoea. Msimruhusu atumie moto, aloi hii huyeyuka haraka mno.

La mwisho linahusu hao 48 wa metali. Wakiwa wa zamani, huenda wana risasi nyingi. Kuwashika na kucheza nao si hatari kwa mtu mzima anayenawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Hatari iko kwenye vumbi: mkipiga tupa au msasa, lowesheni maji, fanyieni juu ya gazeti, likunjeni na kulitupa, na kazi hiyo isifanyike jikoni wala karibu na watoto. Mkiona unga mweupe au wa kijivu ukitoka mikunjoni, hiyo ni risasi inayooza, mara nyingi kwa mvuke wa asidi unaotoka kwenye makabati ya mbao mbichi. Msiupulize wala kuukwangua. Mtenge askari huyo kwenye mfuko uliofungwa, na wengine wahamishieni boksi la plastiki. Mtoto akimeza kipande, au akiwa na mazoea ya kuwatia mdomoni, msisubiri dalili: mpelekeni hospitali, mweleze daktari waziwazi kwamba ni metali yenye risasi, na muulize kipimo cha risasi kwenye damu.